Kompyuta ya gemu: iliyoungwa tayari au uunge mwenyewe?

Mkuu, nimekuelewa: una hela ya mashine yenye RTX 5070 Ti (kadi ya michoro ya NVIDIA), uko Dar, na umekwama kati ya ya dukani na kuunga mwenyewe.

Ya dukani usiipime kwa prosesa na kadi ya michoro tu. Wauzaji hubana hela kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani), mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na RAM (kumbukumbu ya muda). Uliza pawa saplai ni ya kampuni gani na modeli gani. Kwa kadi hiyo NVIDIA inapendekeza wati 750. Muuzaji akizungukazunguka, ondoka. RAM ziwe mbili za GB 16, si moja ya 32, maana moja inapunguza kasi. Tena baadhi ya kampuni kubwa hutumia mazabodi na pawa saplai za umbo lao, zikiungua spea ya kawaida haiingii.

Ukiunga mwenyewe, kama mazabodi ina nafasi nne za RAM, ziweke ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kisha washa EXPO au XMP (mpangilio unaoifanya RAM ikimbie kasi iliyouzwa nayo) ndani ya BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya mazabodi. Waya wa pini 16 wa kadi usukume mpaka usione mwanya. Ukilegea, plagi inaweza kuyeyuka. Monita ichomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi (hili huwanasa wengi mno).

Mimi ningeunga, ila kama spea zote utaagiza nje, chukua ya dukani yenye waranti ya hapahapa: kurudisha kadi mbovu ulikoagiza, tuseme Dubai, mara nyingi ni gharama yako. Na pawa saplai ikinuka kuungua usiifungue, kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa. Mpe fundi.