Kabla ya kuwasha leti, pima kipenyo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kukereza vyuma kwa leti, mashine inayozungusha kazi huku kisu kikiikata, nilimaliza pini ya kipenyo cha milimita 25 kwa mizunguko 360 kwa dakika, na kwa kuwa ilitoka laini, nikafunga flanji, kipande bapa cha duara, ya kipenyo cha milimita 120 kwenye chaki, kishikio cha kazi kwenye leti, bila kugusa giaboksi. Kisu cha haispidi, chuma kigumu cha kukatia, kikafuka moshi, ncha ikageuka bluu, na kabla sijafika nusu ya upana wa kazi kilikuwa kikisugua tu badala ya kukata.

Nilikuwa nimetazama mizunguko ya mashine, ilhali kinachokiumiza kisu ni mwendo wa uso wa chuma unaopita mbele yake. Uso wa pini ulipita kwa mita 28 hivi kwa dakika, kasi inayofaa chuma laini. Uso wa flanji, kwa mizunguko ileile, ulipita kwa mita zipatazo 136.

Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha kasi ya kukata, kwa mita kwa dakika, mara 318, kisha gawanya kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Namba hiyo ni 1000 iliyogawanywa kwa pai. Kwa flanji yangu, kwa kasi ileile ya mita 28, jibu ni mizunguko 74 kwa dakika. Mashine niliyonayo ina mizunguko ya 70 na ya 110, nami huchagua ya chini, kwa sababu kunoa kisu upya kunanichukulia muda mrefu kuliko dakika ambazo ningeokoa.

Kwa chuma cha kutupwa naanza na mita 20, kwa alumini 90 au zaidi. Kisu cha kabaidi, kigumu kuliko haispidi, huvumilia mara tatu hadi nne ya kasi hizo, ila leti kuukuu yenye reli zilizolika hutikisika kabla ya kufika huko, na kabaidi ikitikiswa hupasuka. Wakati wa kukatia kipande natumia nusu ya kasi, na wakati wa kuchonga nyuzi napunguza zaidi, ili mkono uwahi kuachia nati inayosogeza kisu mwisho wa uzi.

Ukitobolea katikati, kipenyo cha kuhesabia ni cha keekee, si cha kazi.

Kwa chuma laini nimeandika kwa chaki ya kuandikia juu ya kifuniko cha giaboksi namba moja, 8900, yaani takriban 28 mara 318, ambayo naigawanya kwa kipenyo ninachosoma kwenye venia.