Kwa nyinyi mnaoanza kushika maiki: simu ya kukata na simu ya kuacha

Wadogo zangu, kila mwaka naona sura mpya zinaingia studio hapa Malindi, wengine wametoka chuo, wengine wametolewa kwenye u-MC wa harusi, na sauti mnazo nzuri kuliko zetu sisi tuliotangulia, na swali huwa ni lile lile: "Kaka, kwenye simu za wasikilizaji nikubali nini nikate nini, si kila mtu ana uhuru wa kusema?" Ndio anao. Lakini mimi nimekaa kwenye hicho kiti miaka kumi na nne na kuna simu moja niliiacha ipite, mpaka leo sijaisahau, wacha niwaeleze ilivyokuwa ndo mengine yafuate.

Ilikuwa asubuhi, kipindi cha mashinani, mada mvua na mahindi. Akapiga jamaa, sauti imekauka, akasema kwao watoto wanakufa na mvua haiji na sababu inajulikana, kuna mzee mvi zimejaa kichwa, kaezeka mabati mapya juzi tu, anakaa pale nyuma ya mtambo wa kusaga, huyo ni mutsai, yaani mchawi, na vijana wanajua la kufanya. Mimi nikaangalia saa, nikasema haya asante kwa mchango wako, tukaenda matangazo. Moyoni nikajiambia jina hakutaja, manake nilivyofundishwa ni hivo, usiruhusu jina la mtu bila ushahidi, na kweli jina halikutajwa.

Kumbe kijiji kile chote mzee mwenye mabati mapya nyuma ya mtambo ni mmoja. Mjukuu wake alikuwa anasikiliza redio, akamtoa babu yake kwa bodaboda kabla ya magharibi, usiku vijana wakaja na mapanga wakakuta nyumba tupu wakaichoma. Nilienda kumuona alikokuwa amehifadhiwa kwa bintiye huku mjini, nikamuomba msamaha. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na mimi ningewapigia na simu gani?"

Hilo swali ndo limekuwa kipimo changu. Mnapokuja mnadhani kazi ni kuchuja maneno makali, matusi, kelele, mtu akipandisha sauti unashusha laini. Yule jamaa hakutukana, hakupiga kelele, aliongea pole pole kabisa. Alichofanya ni kuonyesha mtu mahali alipo, kumpa kosa ambalo hawezi kulikanusha (utakanusha vipi uchawi?), na kuwapa wengine kazi ya kufanya. Sasa mimi simu ikiingia najiuliza mawili tu: huyu anayesemwa anaweza kujibu? Na huyu anayesikiliza ameachiwa jambo la kufikiria au ametumwa kazi? Yakikutana yote mawili, mtu hawezi kujibu na watu wametumwa, shusha sauti yake hapo hapo, usingoje amalize sentensi kwa ajili ya adabu.

Nyinyi wa hapa Kilifi hamhitaji kuelezwa sana haya mambo. Wazee wetu wameuawa miaka na miaka kwa neno hilo moja, na mara nyingi ukifuatilia unakuta chini yake kuna shamba, kuna kijana anataka kurithi kabla ya wakati. Hapa Malindi kuna mahali wazee wa kimila wamewajengea hifadhi wenzao waliokimbia makwao, nendeni siku moja mkakae nao, mtajifunza utangazaji kuliko darasani. Na kuna kitu kiko kwenye Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, sheria ya mkoloni na ina mengi mabaya, lakini kifungu hiki huwa nakitumia: kumwita mtu mchawi ni kosa, isipokuwa umempelekea habari chifu au polisi au mwenye mamlaka. Yaani maneno ni yale yale, ukimwambia chifu ni malalamiko, ukiyatangaza barazani ni hatia. Kwa hivo msikilizaji akianza hivo simwambii "nyamaza", namwambia ndugu yangu hilo lipeleke kwa chifu leo, hapa si mahali pake, halafu nakata.

Mtu akikwambia maneno hayaui, mkumbushe kituo cha redio cha RTLM cha Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Waliwaita Watutsi mende, hilo wengi mnalijua, lakini ambalo wageni wa kazi hii hawalijui ni kwamba walitaja majina na mahali watu walipo. Jina na mahali. Wahusika wake walikuja kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa Arusha 2003. Mimi nilipolisoma hilo nilikumbuka mtambo wa kusaga nikashindwa kuendelea. Na jirani zaidi kuna Shakahola, 2023, waumini wa mhubiri mmoja wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya 400 imefukuliwa kwenye ule msitu, kesi iko mahakamani na hukumu si ya mtangazaji, msiruhusu mtu ahukumu hewani hata akilia. Lakini pia msiache mtu aitumie Shakahola kuwapakaza wachungaji wote wa huku, manake nimezisikia hizo simu, "hawa wote tuwafungie makanisa kwa nguvu", hao wachungaji wa Barani na Maweni wamekosa nini?

Sasa neno "wakuja", yaani waliohamia huku kutoka bara. Hapa ndo pagumu na sitawadanganya kwamba nina jibu la kila siku. Pwani yote tunalisema, kwenye kahawa, harusini, mtu anamtania jirani yake wa kutoka bara na wanacheka pamoja. Mwaka 2022 Tume ya Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchungwa kabla ya uchaguzi na hilo lilikuwemo, pamoja na madoadoa (watu wa kabila jingine wanaoonwa kama doa). Wenzangu wengine wakalipiga marufuku kabisa, mimi naona si sawa, kwa sababu mtu akipiga akasema "ardhi ya babu zetu wamepewa wakuja na sisi ni maskwota" anazungumzia dhuluma ya kweli ya ardhi iliyoko tangu enzi ya mkoloni, na ukimkata umemdhulumu mara ya pili. Muulize: nani aligawa, ofisi gani, mwaka gani? Hapo maneno yanaelekea kwa waliogawa. Akisema "na wafungashe waondoke kabla ya kura", huyo ameshawatuma watu kwenye mlango wa jirani, kata. Neno ni lile lile, usisikilize neno, sikiliza linaelekea wapi. Na kama unalala usingizi kwa hilo, kumbuka Mpeketoni kule Lamu, Juni 2014, walivamiwa na zaidi ya watu 60 waliuawa, na siku zile zilizofuata kila mtu Lamu na huku alikuwa anatafuta wa kumnyooshea kidole. Siku kama hizo hata swali zuri linaweza kuwa kiberiti, siku kama hizo mimi nafunga simu kabisa napiga taarabu, na sioni haya.

Lakini jamani, kosa la pili ni kubwa kama la kwanza, na ndo linalowapata wengi baada ya kuogopeshwa. Mtangazaji akishaungua anaanza kukata kila kitu. Mheshimiwa mmoja aliwahi kumpigia bosi wangu sababu mama mmoja amesema hewani bomba la maji lilifunguliwa kwa kamera na halijatoa hata tone, akataka niombe radhi, ati ameumizwa. Ameudhika, hajaumizwa. Huyo mheshimiwa ana namba yetu, ana gari, ana wakili, ana kikao cha waandishi akitaka saa yoyote. Nilimwambia karibu kesho studio ujibu, hakuja. Kuudhika na kuumia ni vitu viwili, na wenye vyeo ndo wanapenda kuvichanganya.

Someni Ibara ya 33 ya Katiba, ni fupi. Uhuru wa kusema upo, na kisichokuwa ndani yake kimetajwa: propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki, na kuhimiza chuki ya kikabila au kuwadhuru watu. Kumkosoa kiongozi hakumo kwenye hiyo orodha. Heshima ya mtu inalindwa pia, kipengele cha mwisho, kwa hivo uongo kuhusu mtu unaweza kukupeleka mahakamani kulipa, lakini tangu Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema kumfunga mtu jela kwa kashfa ni kinyume cha Katiba. Mtu akiwatishia na polisi kwa sababu ameitwa mwongo, mjue hilo.

Na mkumbuke watu wamepata nini kwa kusema. Wavuvi wa Lamu walipiga kelele miaka juu ya bandari kuziba njia zao za uvuvi, wakaitwa wapinga maendeleo, mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Malindi ikaamua walipwe fidia shilingi bilioni 1.76. Watu wa huko Magarini na mashamba ya chumvi hivyo hivyo, walilalamika mpaka tume ya haki za binadamu ikaja kuwasikiliza. Simu za watu hao zilikuwa kali, zilikuwa na hasira, nyingine hazikupangika hata kidogo. Ukizikata hizo umefanya kazi ya nani?

Jambo la mwisho hakuna atakayewafundisha. Ukimkata mtu, kipindi kikiisha mpigie. Yule jamaa aliyemsema mzee wa mabati mapya sikumpigia, nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amezika watoto wawili mwezi mmoja, wote homa, zahanati iko mbali na hakuna aliyemwambia walikufa na nini. Alikuwa na swali la kweli na mimi nilimuachia ajijibu mwenyewe hewani. Siku hizi nina daftari, upande mmoja namba za niliowakata, upande wa pili namba za machifu, wahudumu wa afya wa vijijini na wazee wa mitaa. Naunganisha huyu na yule, dakika tano. Andikeni kwa kalamu, simu ya studio inafuta namba zenyewe kila wiki.