Poncho ya lonko
Ndugu, umeuliza kama ile poncho (vazi la kitambaa lenye tundu la kichwa) nyeusi yenye misalaba ya ngazi huvaliwa na Mmapuche yeyote, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa Chile na Argentina. Kimila hapana, hiyo ni ya lonko, yaani mkuu wa jamii. Inaitwa trarikan makuñ. Mfumaji, kwa kawaida mwanamke, hutanda mtande, yaani nyuzi za urefu, wa sufu kwenye kitanda cha kufumia cha wima kiitwacho witral, anazifunga nyuzi kwa mafungu, ndipo anazitia rangi. Akifungua, palipofungwa pamebaki peupe. Ni akili ileile ya batiki yetu ya kufunga, ila hapa rangi hutangulia kufuma. Kazi ya subira hiyo! Kondoo wenyewe walikuja na Wahispania. Kabla yao sufu ilitoka kwa wanyama wa jamii ya lama.