Fundi akisema "iko sawa", badilisha swali

Ndugu uliyeuliza: unajenga Bamburi, Mombasa, mambo ya mjengo huyajui, na kila ukimuuliza fundi kama kazi inakwenda vizuri anakujibu "iko sawa bosi, wewe usiwe na wasiwasi". Wiki ijayo anamwaga slabu, na wataka kujua umuulize nini bila kumuudhi.

Swali la "iko sawa?" lina jibu moja tu, na fundi hodari na fundi mbabaishaji watakujibu vilevile. Uliza maswali ambayo jibu lake ni namba, au ni kitu cha kuonyeshwa. Namba utaipiga hesabu mwenyewe nyumbani, na kitu utakishika kwa mkono wako.

Anza na saruji. "Fundi, slabu hii itakula mifuko mingapi?" Tuseme ni mita 10 kwa 10, unene sentimita 15. Hizo ni mita 15 za ujazo. Mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1 na nusu, kokoto 3 hula mifuko 7 na nusu hadi 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hivyo tarajia mifuko 115 hadi 120. Akikwambia 80 inatosha, usibishane naye. Muulize la pili: "Mchanga na kokoto tutapimia nini?" Hapo ndipo saruji inapopotelea. Karai la kujaza kilima na karai lililosawazishwa juu ni vipimo viwili tofauti, na wilibaro ndiyo usiseme. Mwambie seremala wa fomu (zile mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke) apige sanduku la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 35, kina 25. Linabeba lita 35, ambazo ni karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko upate sanduku moja na nusu la mchanga na matatu ya kokoto. Kama mchoro wa mhandisi wako una kipimo kingine, fuata mchoro.

Saruji yenyewe, swali ni la muuza hadiwea: ni 32.5 au 42.5, ile namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko? Ya slabu na nguzo ni 42.5, ile nyingine ni ya plasta na kujengea mawe. Hapohapo dukani uliza chuma kimoja cha milimita 12 kina kilo ngapi. Chenye urefu kamili wa mita 12 kinafaa kukaribia kilo 10.6, na cha milimita 10 kilo 7.4. Kikipungua sana kwenye mizani, ama ni chembamba ama kimekatwa.

Sasa maji, na hili ndilo la pwani hasa. Ya mfereji yanakuja kwa mgao, kwa hivyo saiti nyingi hutumia kisima au bauza, yaani lori la maji. Usiulize kama maji ni mazuri. Uliza: "Siku ya kumwaga, maji yatatoka wapi?" Akikutajia kisima, nenda ukayaonje. Ukisikia chumvi, yasiingie kwenye zege lenye chuma. Chumvi huvunja ile kinga ambayo saruji hukipa chuma, chuma kinashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kisha zege linapasuka kutoka ndani na kubanduka vipande. Mchanga nao uliza umechotwa wapi. Wa ufuoni una chumvi ileile. Kuna atakayekwambia nyumba za Mji wa Kale zimesimama miaka na mikaka na hakuna aliyeonja maji. Kweli, lakini zile ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hazina chuma cha kuliwa.

Halafu uliza kiasi: mfuko mmoja unapata lita ngapi? Lita 25, yaani mtungi wa 20 na robo yake, na chini ya hapo ikiwa mchanga umenyeshewa. Vibarua hupenda kuongeza ili zege liwe jepesi kusukuma, lakini maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu vya kupitisha unyevu wa bahari. Kwa hivyo uliza pia nani atashika mtungi, na awe mtu mmoja kutwa nzima.

Biskuti, vile vipande vya kuinua chuma kisilale kwenye fomu: "Za unene gani, na kila baada ya umbali gani?" Karibu na bahari wahandisi wengi huandika milimita 40 hadi 50 kati ya chuma na uso wa zege. Akijibu "tutaweka vijiwe", kataa kwa upole. Kijiwe huteleza vibarua wakikanyaga, na cha tumbawe hufyonza maji. Biskuti za saruji na mchanga zinatakiwa zitengenezwe kama wiki moja kabla, basi muulize leo, si asubuhi ya kumwaga.

Kuhusu kukasirika: muulize pembeni, wakati wa chai ya saa nne, si mbele ya vibarua wake. "Kwa nini hukuweka biskuti?" ni mashtaka, "biskuti tutapanga vipi?" ni kazi. Na lile swali la kipimo cha mchanga kamuulize pia kijana anayebeba karai. Yeye ndiye anayehesabu kwa mgongo. Fundi akisema moja na nusu na kijana akasema mbili na nusu, wa kijana ndio mchanganyiko utakaoupata.

Mwisho uliza nguzo za kushikilia fomu zitatolewa siku gani (wengi husubiri siku 21, mhandisi ndiye mwenye neno), na nani atamwagilia slabu kwa siku 7 za mwanzo zisizopungua. Mtaje kwa jina. Kwa jua na upepo wa huku uso hukauka upesi, na slabu nyingi humwagwa Jumamosi, vibarua wakalipwa wakaenda zao. Kwa hivyo ongeza: "Na Jumapili, ufunguo wa tangi atakuwa nao nani?"