Ziara binafsi ya urithi, Iringa hadi Mbeya: ipange kwa barabara, usiipange kwa majina

Ratiba nyingi za kuona urithi wa Nyanda za Juu Kusini ni orodha ya majina makubwa: Isimila, Kalenga, Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu na ziwa la Ngozi, yote ndani ya siku tatu. Ukiikubali kama ilivyo, utapita barabara ile ile mara mbili, na kila kituo utabakiwa na muda wa kupiga picha na kurudi garini. Unapokodi gari na mwongozaji wa familia yako au kikundi chako pekee, unachonunua hasa ni haki ya kuamua mpangilio na saa. Usipoitumia haki hiyo, afadhali upande basi hadi Iringa mjini ukachukue bajaji.

Siku tano zinatosha ukianzia Iringa na kumalizia Mbeya. Wanaotoka Dar es Salaam waongeze siku nzima ya barabarani kwenda, na nyingine ya kurudi.

Tuanze na barabara, kwa sababu hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Kwa anayetoka Dar, Lugalo iko kando ya barabara kuu kabla hujaingia Iringa. Kalenga na Mlambalasi ziko kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha: Kalenga kilomita kama 15 kutoka mjini, na Mlambalasi mbele zaidi, jumla kama kilomita 50. Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale, haiko huko. Iko kilomita kama 20 kutoka Iringa kwenye barabara ya Mbeya. Kwa hiyo ratiba inayoweka Isimila na Kalenga asubuhi moja, halafu "kupumzika mjini", na kesho yake safari ya Mbeya, inakupitisha mbele ya Isimila mara tatu. Iache Isimila hadi siku ya kuhama: mizigo ndani ya gari, saa moja asubuhi mmeshatoka hotelini, mnaingia korongoni jua likiwa bado chini, na saa nne mnaendelea na safari ya Mbeya.

Barabara ya Lugalo na ile ya Kalenga zina bahati nyingine ambayo waandaaji wengi hawaitumii. Zinakupa historia ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, karibu kwa mpangilio wake. Lugalo ni Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilipovamiwa na Wahehe na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Kalenga ni Oktoba 1894, ngome ilipoangushwa na Mkwawa akatoroka. Mlambalasi ni Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kisha unarudi Kalenga, kwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kwa hiyo siku ya Kalenga ipiteni asubuhi bila kuingia makumbusho, mwende Mlambalasi kwanza, na makumbusho muyaingie mkiwa mnarudi. Mtu aliyetoka kusimama kwenye kaburi la Mlambalasi huliangalia lile sanduku la kioo lenye fuvu kwa namna tofauti kabisa na aliyeshushwa hapo akiwa bado na usingizi.

Wenye umri mkubwa kwenye kikundi wanaweza kuona ni afadhali kugeuza mpangilio huo, kwa sababu Mlambalasi inataka miguu. Kaburi liko chini, lakini juu yake kuna mwamba wenye pango ambamo wanaakiolojia wamechimba na kupata zana na mifupa ya binadamu wa Zama za Mawe za Mwisho. Mwongozaji anayejua habari za Mkwawa tu atakusimamisha kaburini, atahitimisha hotuba yake na kuwasha gari. Mwambieni mapema kwamba mnataka kupanda. Wazee wabaki kivulini na dereva, wengine wapande na mwenyeji wa eneo.

Hapo tunafika kwa mwongozaji mwenyewe, na hili ndilo la kulipa uzito kuliko hoteli. Kuna waongozaji hodari wa wanyama ambao kwenye urithi hawana la kusema zaidi ya kibao kilichoandikwa ukutani. Kabla ya kutuma advansi, mpigie simu yeye mwenyewe, usiishie kwa aliyeko ofisini, umuulize maswali mawili matatu. Zelewski aliuawa wapi? Akijibu Kalenga, kuna shida. Fuvu lilitambuliwaje? Jibu linalotosha ni kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe, ikapita zaidi ya miaka thelathini, hadi Gavana Edward Twining alipolichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo, kisha likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Anayejua hivyo anajua pia kwa nini wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe, na atakuambia bila kuona haya. Anayekutajia "roho ya chifu" na miujiza mitatu mfululizo, mpe pole ya simu na utafute mwingine.

Hata ukimpata mzuri, kila kituo kina mwenyeji wake: mhifadhi, mtunza makumbusho, au kijana wa kijiji anayeongoza wageni. Makubaliano yawe wazi kwamba mwongozaji wako anapofika hapo ananyamaza na kumwachia mwenyeji nafasi. Kinachoharibu ziara mara nyingi ni wawili kushindana kuzungumza, na mwenyeji, kwa adabu, ndiye anayekubali kushindwa. Msalimieni kwanza kwa utulivu. Iringa "kamwene", salamu ya Kihehe, inafungua mlango kuliko noti. Picha za ndani, hasa za fuvu, ombeni kabla ya kutoa simu. Lile ni fuvu la babu wa watu, na ukoo wake upo.

Sasa karatasi. Kampuni inayouza ziara Tanzania inatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, ya mwaka husika. Omba picha yake, na uangalie jina la kampuni linafanana na jina la akaunti au namba ya Lipa unayotumia. Jina la mtu binafsi kwenye akaunti si lazima liwe utapeli, lakini siku gari likigoma Makambako hutakuwa na wa kumdai. Advansi ya theluthi hadi nusu ni ya kawaida. Anayetaka yote wiki nzima kabla ana matatizo ya fedha ambayo yatakuwa yako.

Bei ikija kama namba moja, irudishe ichambuliwe: gari kwa siku, mafuta, dereva, mwongozaji, viingilio, wenyeji wa vituo, malazi yenu, malazi na posho ya dereva na mwongozaji. Hicho cha mwisho ndicho kinachofichwa. Kama hakikuandikwa, usiku wa kwanza dereva atalala ndani ya gari, na kesho yake ndiye anayewashusha Kitonga au kuwapitisha kwenye ukungu wa Isyonje. Mafuta unaweza kuyahesabu mwenyewe. Iringa hadi Mlambalasi na kurudi ni kama kilomita 100, Iringa hadi Mbeya kama 330, Mbeya hadi Kimondo na kurudi kama 140, Mbeya hadi Tukuyu na mizunguko yake kama 180. Jumla ni kilomita 750 hadi 800. Land Cruiser inayokula lita 12 kwa kilomita 100 inataka lita 90 hadi 100. Mtu akikuandikia lita 200, muulize anapeleka wapi nyingine. Noah inatosha kwa familia ya watu watano kipindi cha kiangazi, ila masika njia za pembeni zinataka gari lililoinuka.

Viingilio visiwashtukize. Vituo hivi haviko chini ya mamlaka moja. Kimondo cha Mbozi, kwa mfano, kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ingawa kiko mkoa wa Songwe, na misitu ya Rungwe iko kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo inayotolewa kwenye mfumo, na mtandao ukigoma mtasimama getini na hela mkononi. Mwongozaji aombe namba hizo jana yake, alipe, na risiti ziwe kwenye simu. Watanzania wabebe vitambulisho vya NIDA. Tofauti ya kiingilio cha raia na cha mgeni ni kubwa, na ndugu wa diaspora wenye pasi za nje wajue mapema watalipa kama wageni.

Isimila kwa undani kidogo, kwa sababu watu wengi huipitia haraka na hukosa nusu yake. Sehemu ni mbili. Ya kwanza ni korongo lenye zana za mawe zilizoachwa pale zilipokutwa, nyingine zikiwa zimefunikwa kwa vibanda: mashoka ya mkono yenye umbo la tone, na zana nzito zenye makali mapana mbele kama shoka la seremala. Zilianza kutambuliwa mwaka 1951, zikachimbwa kitaalamu mwaka 1957 na 1958 na timu ya Clark Howell, na umri unaotajwa ni kama miaka 260,000. Inama uangalie ukingo wa shoka moja: utaona makovu ya kupigwa pande zote mbili, moja likiegemea jingine, hadi ncha. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe jiwe lililovunjika lenyewe na lililovunjwa na mtu, yakiwa sambamba. Dakika tano hizo zinafundisha kuliko saa ya maelezo. Sehemu ya pili ni nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua na maji, ambazo ndizo kila mtu anazijua kwa picha. Njia yake inashuka, ina mchanga na vijiwe, na ndala zinateleza. Tengeni saa mbili, lita moja ya maji kwa kila mtu, na kofia. Baada ya saa tano asubuhi korongo linakuwa tanuri, na mwanga wa juu unazifanya nguzo zionekane bapa kwenye picha. Mvua ikinyesha usiku, mpigieni mwenyeji kabla ya kutoka, maana maji ya korongoni hayaombi ruhusa. Na msiokote kitu. Jiwe likihamishwa kutoka pale lilipokaa linapoteza karibu yote ambayo mtaalamu angeweza kulisomea.

Kutoka hapo hadi Mbeya hesabu saa sita. Ukiangalia ramani utaona nne, lakini malori ya Tunduma, vibao vya 50 kila kijiji na mizani ya barabarani hayapo kwenye hesabu ya ramani. Kuleni Mafinga au Makambako. Kuendesha usiku kati ya Igawa na Uyole hakuna faida yoyote, kwa hiyo ratiba inayofika Mbeya saa mbili usiku ikataliwe tangu kwenye karatasi.

Mbeya mjini tumieni kama kituo cha kulala siku mbili au tatu. Kimondo kiko magharibi, Tukuyu iko kusini, na hakuna njia ya maana ya kuviunganisha bila kurudi mjini. Kila kimoja kiwe na siku yake.

Kimondo ni ziara fupi: dakika arobaini, hamsini mkiwa na watoto wanaouliza. Ni chuma karibu asilimia 90, nikeli kama 8, uzito unaokadiriwa tani 16, na urefu wa mita kama tatu. Serikali ya kikoloni ilikijua rasmi mwaka 1930, wenyeji wakiwa wanakijua tangu zamani. Tafuteni alama ya msumeno ilipokatwa sampuli: pale ndipo rangi ya chuma inaonekana wazi. Kwa kuwa ziara ni fupi, ondokeni mapema kuwahi foleni ya Mbalizi, mrudi mchana, na jioni mpumzike. Msishawishike kuongeza Tunduma "kwa kuwa ni jirani".

Siku ya Tukuyu ndiyo inayojaa haraka. Misheni ya Rungwe, iliyoanzishwa na Wamoraviani mwaka 1891, ni ya asubuhi, maana mchana ukungu na manyunyu hushuka hata mwezi Julai. Kisha Daraja la Mungu, mwamba wa lava uliobaki kama daraja juu ya mto Kiwira. Kijungu, mahali mto unapoingia kwenye shimo la mwamba, kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza. Mwongozaji asipokuwa ameomba ruhusa mtarudishwa getini, na mkishaingia kamera zibaki zimefungwa hadi mfike kwenye maji. Masoko, ziwa la kreta lenye jengo la enzi ya Wajerumani, iwekwe mwisho kwa wenye muda. Mtasimuliwa dhahabu na silaha zilizotupwa ziwani wakati wa Vita ya Kwanza. Sikilizeni kama simulizi. Ngozi usiichanganye na siku hii hata ukiambiwa inawezekana: ni kupanda msituni kwa miguu, na kikundi kilichochoka kikifika Daraja la Mungu saa kumi kinaona daraja tu.

Saa tisa alasiri gari liwe limegeuza kurudi Mbeya. Salio la mwisho lilipwe jioni hiyo baada ya kupitia risiti za viingilio pamoja na mwongozaji, na bakshishi ya dereva apewe dereva mkononi, isipitie kwa mtu mwingine.