Mibofyo 40 bila oda: je, nilifute neno hilo?

SWALI: Ninasimamia matangazo ya kulipia, kwenye injini za utafutaji, ya biashara inayokodisha kamera. Tunalipia maelfu ya maneno, ili tangazo letu litokee mtu anapoyatafuta, na mengi hupata mibofyo michache tu. Kila mwisho wa mwezi tunafuta yale ambayo hayakuleta oda. Mwenzangu anasema modeli za takwimu na uchambuzi wa matini vingetuongoza vizuri zaidi. Vinasaidiaje?

JIBU: Mwenzako anasema kweli, na ningekuomba kwanza usitishe ufutaji huo. Wanatakwimu wana kanuni waiitayo kanuni ya namba tatu: tukio lisipotokea hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata takriban kikomo cha juu cha uwezekano wake kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kwa mibofyo 40 bila oda, kikomo hicho ni asilimia 7.5. Ikiwa wastani wenu ni oda 2 kwa kila mibofyo 100, basi huenda neno mnalolifuta ni bora mara tatu kuliko wastani, ila halijapata nafasi ya kuonyesha hivyo.

Dawa yake ni kutolipima neno likiwa peke yake. Modeli ya ngazi huanza na wastani wa kundi la maneno yanayofanana, kisha hulisogeza kila neno mbali na wastani huo kadiri ushahidi wake lenyewe unavyoongezeka. Tuseme wastani wa kundi ni asilimia 2 na umepewa uzito wa mibofyo 100, yaani kila neno linahesabiwa kana kwamba tayari lina mibofyo 100 na oda 2. Neno lenye mibofyo 40 bila oda litakadiriwa kuwa na asilimia 1.4, si sifuri. Na lile lililobofywa mara 5 likaleta oda 1, ambalo kwa hesabu ya haraka lina asilimia 20, litashuka hadi karibu asilimia 2.9. Uzito wenyewe haubuniwi. Hupatikana kwa kuangalia maneno ya kundi hilo yanatofautiana kiasi gani.

Hapo ndipo uchambuzi wa matini unapoingia, kwa sababu lazima kitu fulani kiamue maneno yapi ni ya kundi moja, na kwa maoni yangu kazi hii ndiyo inayostahili muda wenu mwingi kuliko nyingine yoyote. Chukueni semi ambazo watafutaji wameziandika hasa, si maneno mliyoyanunua tu, mzivunje hadi kwenye mizizi. «Nataka kukodi kamera», «nakodi kamera» na «tukodi kamera» zinaweza kuwekwa pamoja bila hasara, kwa kuwa viambishi vya mwanzo havibadilishi haja ya mtafutaji. Lakini programu ikikata pia viambishi vya mwisho, «nakodisha kamera» itaingia kundi hilohilo, ilhali mara nyingi aliyeandika hivyo ana kamera yake na anatafuta wateja, kama ninyi. Kundi likichanganya watu hao wawili, wastani wake haumwelezi yeyote kati yao. Kuhusu maneno yanayojitokeza karibu kila mahali, kama «kamera» kwenu, yapunguzieni uzito mnapopanga makundi, kwa kanuni aliyoipendekeza mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones mwaka 1972.

Jambo moja modeli hii haiwezi kulijibu: je, mteja asingefika bila tangazo? Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walieleza kuwa soko la mtandaoni la eBay liliposimamisha matangazo yaliyofungamana na jina lake lenyewe, karibu wageni wote waliendelea kufika kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Kwa hiyo msishangae jina la biashara yenu likiongoza orodha ya oda. Kabla ya kuliongezea bajeti, zimeni matangazo yake katika maeneo machache mliyoyachagua kwa kubahatisha, mwendelee kwingineko, kisha mlinganishe oda zote za pande mbili hizo, si zile tu zilizotokana na mibofyo ya kulipia.