Mvua ikigonga bati mtoto haoni usingizi: je, tumpe dawa au tumsimulishe?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Ujiji, upande wa bonde la Luiche. Mwezi Januari maji yaliingia nyumbani usiku, tukatoka na nguo za mwilini tu. Hii ni wiki ya tisa. Mwanangu wa miaka 15, aliye kidato cha pili, kila mvua ikianza kugonga bati huamka, hutia madaftari yake kwenye kiroba, kisha hukaa mlangoni hadi alfajiri. Mchana huwafokea wadogo zake, na darasani anasinzia. Mjomba wake anataka tumkalishe asimulie yote yamtoke. Muuzaji wa duka la dawa ametushauri diazepamu. Tushike lipi?

JIBU: Mama, poleni sana kwa yaliyowafika. Kati ya hayo mawili, nakuomba usishike hata moja.

Diazepamu humlaza mtu, lakini haiondoi kiwewe, na mtumiaji huweza kuizoea akashindwa kulala bila hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri watoto na vijana wasipewe dawa za kundi hilo kwa ajili ya dalili za mshtuko au ukosefu wa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Nyinyi mmeshaupita mwezi huo, lakini sababu za kuiepuka ziko palepale. Kuhusu ushauri wa mjomba, nia yake ni njema. Hata hivyo, kumlazimisha kijana amwage yote kwa kikao kimoja, mbele ya watu wazima wanaomkodolea macho, hakuzuii ugonjwa na huweza kumrudisha ndani ya maji yaleyale. Akianza kuzungumza mwenyewe, labda mkiwa mnachambua dagaa, msikilize bila kumkatiza, akinyamaza, mwache.

Wiki za mwanzo, kushtuka, kuota ndoto mbaya na kukasirika ovyo ni jambo la kawaida, na wengi hupona bila tiba maalumu. Kwa umri huu hofu mara nyingi hutoka kwa sura ya ukali kuliko machozi, ndiyo maana wazazi wengi huidhani utovu wa adabu wakaiadhibu. Sisi hupima mambo mawili: muda, na kile ambacho mtoto ameacha kukifanya. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kuharibu usingizi, masomo na uhusiano wa nyumbani, hapo tunashuku msongo wa baada ya kiwewe, na kwa maelezo yako mwanao anastahili kuonwa sasa. Mpeleke kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, Maweni. Huko nako ataweza kuombwa asimulie, ila kwa hatua ndogo ndogo, katika vikao kadhaa, akiwa amefundishwa kwanza namna ya kujituliza.

Kile kiroba kimenigusa, kwa sababu si upuuzi: bonde lilishafurika mara moja, na kijana anajua. Msimkataze. Pigilieni rafu juu ukutani, ayaweke madaftari humo kila jioni, mvua iwepo isiwepo, na mkubaliane waziwazi nani atamwamsha nani na mtakimbilia kwa nani. Akishafunga mzigo wake akarudi kulala, hiyo ni tahadhari. Akiendelea kukesha mlangoni, bado hofu ndiyo inayomtawala.

Mwalimu wa malezi aelezwe, kijana asije akachapwa kwa kusinzia. Mpira na marafiki virudi mapema, hata kabla nyumba haijatengenezeka.

Ipo hatari moja isiyosubiri miadi. Akisema hana haja ya kuishi, akijidhuru, au akianza kugawa vitu vyake, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, na mfike hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Kabla ya kwenda kliniki, andika kwa usiku kumi na nne: saa aliyoamka, kama mvua ilikuwepo, na saa aliyorudi kulala. Nenda na karatasi hiyo, lakini miadi isingoje ijae.